Kugawana, kulipana, kumiliki pamoja au kushauriana: mkataba upi unaufaa mto wa majirani?

Dunia ina mabonde ya mito na maziwa zaidi ya 300 yanayovuka mipaka ya nchi, na mengi kati yake hayana makubaliano yanayowashirikisha majirani wote. Serikali zinapokubali hatimaye kukaa mezani, mjadala huanza na kiasi: nani apate mita za ujazo ngapi. Naamini hapo ndipo mazungumzo mengi yanapoharibika mapema. Mto hupanda na kushuka, na mkataba hupimwa siku ambayo maji hayawatoshi wote waliotia saini.

Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimeanza na ukame. Nimechukua njia nne ambazo nchi jirani zimezitumia kweli, nikaziuliza zinafanyaje mvua inapokosekana, zinafanyaje majirani wanapogombana, na nani huumia bila kuulizwa. Anayeshiriki mazungumzo ya aina hii, au anayeyafuatilia kwa niaba ya wakulima na wavuvi wake, ataona kwamba hakuna njia inayoshinda kila mahali. Lakini zipo zinazoshinda mahali pake, na ipo moja ambayo naona inastahili kujaribiwa mara nyingi kuliko inavyojaribiwa.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kugawana maji. Mfano unaojulikana zaidi ni Mkataba wa Maji ya Indus, uliotiwa saini Karachi tarehe 19 Septemba 1960 na Jawaharlal Nehru wa India na Ayub Khan wa Pakistani, Benki ya Dunia ikiwa mpatanishi. Mkataba huo uligawa mito mizima badala ya kugawa maji ya kila mto. Mito ya mashariki, yaani Ravi, Beas na Sutlej, ikawa ya India; ya magharibi, Indus, Jhelum na Chenab, ikawa ya Pakistani, nayo ndiyo yenye takribani asilimia 80 ya maji yote ya bonde. Mikataba mingine ya kundi hili huandika kiasi moja kwa moja. Makubaliano ya mwaka 1959 kuhusu Mto Nile yaliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5.

Ya pili ni kulipana. Nchi inayofaidika na maji humlipa jirani aliye na mahali pazuri pa kuyahifadhi. Mwaka 1986 Lesotho na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba maji ya milimani Lesotho yapelekwe kwenye bonde la Mto Vaal, nayo Lesotho ipokee mrabaha na kujipatia umeme. Marekani na Kanada zilikuwa zimefanya jambo la jamaa hiyo mwaka 1961 kwa Mto Columbia, baada ya mafuriko ya 1948 kuufuta mji wa Vanport huko Oregon. Kanada ilijenga mabwawa matatu ya kuhifadhi maji. Marekani ikalipa dola milioni 64.4 kwa ajili ya kinga dhidi ya mafuriko, na ikakubali kumpa jirani nusu ya umeme wa ziada uliotokana na maji hayo kutiririka kwa mpangilio.

Ya tatu ni kumiliki pamoja. Mali, Moritania na Senegali ziliunda OMVS, shirika la kuendeleza bonde la Mto Senegal, mwaka 1972, wakati ukame wa Saheli ukiwaua mifugo na kuwafukuza watu vijijini. Mwaka 1978 zikakubaliana kwamba mabwawa yatakayojengwa katika Mto Senegal yatakuwa mali isiyogawanyika ya nchi wanachama, hata bwawa likiwa lote ndani ya ardhi ya nchi moja. Gine, ambako mto unaanzia, ilijiunga mwaka 2006.

Ya nne ni kushauriana tu. Kambodia, Laos, Thailandi na Vietnam zilisaini makubaliano ya Mekong mwaka 1995 na kuunda tume. Anayetaka kujenga bwawa kwenye mkondo mkuu anatakiwa kuwaarifu wenzake na kuwasikiliza. Hatakiwi kuwatii.

Mvua inapokosekana

Mahali pazuri pa kuanzia ni mkataba mmoja uliozaa matokeo mawili tofauti. Mwaka 1944 Marekani na Meksiko ziligawana mito miwili katika hati moja. Kwenye Mto Colorado, Marekani iko juu na inadaiwa kumpelekea Meksiko mita za ujazo bilioni 1.85 kwa mwaka. Kwenye Mto Rio Grande mambo yamegeuka: vijito vya Meksiko ndivyo vinavyodaiwa, wastani wa milioni 431.7 kwa mwaka, hesabu ikifungwa kila baada ya miaka mitano. Hati ilisema mgao unaweza kupungua pakitokea ukame usio wa kawaida. Haikueleza ukame usio wa kawaida ni upi.

Kwenye Colorado, tume ya pamoja ya nchi hizo mbili iliamua kuziba pengo hilo. Kwa nyongeza ya mwaka 2012, kisha nyingine ya 2017, ilitengenezwa hesabu inayofuata kimo cha maji katika Ziwa Mead, hifadhi kubwa ya maji ya mto huo upande wa Marekani: kikishuka hadi hapa, Marekani inapunguza kiasi hiki na Meksiko kiasi hiki. Kila mkulima anaweza kuusoma mstari huo kabla ya msimu. Mwaka 2022 mgao wa Meksiko ulipunguzwa kwa takribani asilimia 5 kwa mujibu wa hesabu hiyo, na hakuna aliyeweza kusema ameshtukizwa. Nyongeza ya 2012 ilifanya na jambo jingine ambalo mimi nalithamini sana: majira ya kuchipua ya 2014 yaliachiliwa maji kwa makusudi kwa ajili ya delta iliyokuwa imekauka kwa miaka mingi, na mto ukafika tena baharini.

Kwenye Rio Grande hesabu kama hiyo haikuwekwa. Meksiko huchelewesha ikitarajia mvua, deni linapanda, kisha mwaka wa tano unafika na maji yote yanadaiwa kwa mpigo. Mwaka 2020 wakulima wa Chihuahua, jimbo la kaskazini mwa Meksiko, walilivamia bwawa la La Boquilla kuzuia maji yasiondoke, na angalau mtu mmoja akapoteza maisha. Mzunguko uliofuata ulipofungwa mwaka 2025, deni lilikuwepo tena. Nchi ni zilezile na mkataba ni uleule. Kilichotofautiana ni kama upungufu ulipigiwa hesabu mapema au uliachwa ujadiliwe siku ya njaa.

Sasa weka njia nyingine kando ya hiyo. Mgao wa Indus una faida ambayo haisemwi vya kutosha: kwa kuwa uligawa mito na si kiasi, ukame haumfanyi yeyote kuwa mdaiwa. Mto ukipungua, umepungua kwa mwenye mto. Hasara yake ni kwamba pande mbili hazina sababu ya kusaidiana maji yanapokosekana. Mgao wa Nile wa 1959 una udhaifu mkubwa zaidi, maana umefunga tarakimu kana kwamba wastani wa miaka ya zamani ni ahadi ya miaka yote ijayo.

Kulipana nako kuna tatizo lake. Mnunuzi amelipia uhakika, na uhakika anautaka zaidi ukame unapokaza. Desemba 2015 Lesotho ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya ukame, huku maji ya milimani yakiwa ni bidhaa iliyokwisha kuahidiwa jirani. Anayechagua njia hii aandike ndani ya mkataba, kabla ya bei, kiasi cha chini ambacho hakiuzwi: maji ya kunywa ya wananchi wa nchi inayouza, na maji yanayobaki mtoni ili mto uendelee kuwa mto.

Mto Senegal unajibu swali hili vizuri kuliko mingine yote niliyoiangalia. Hati ya Maji ya 2002 haimpi mwanachama yeyote kiasi chake. Maji yanagawiwa matumizi: kilimo, uvuvi, umeme, maji ya nyumbani, usafiri wa majini, mazingira. Kamati ya kudumu ya wataalamu hupima kilichopo katika bwawa la Manantali na kupendekeza mpango wa kuyaachilia. Mwaka mbaya hauibui swali la nchi ipi inyimwe. Swali linakuwa ni umeme upungue kiasi gani ili mashamba yasife, na hilo linajadiliwa kwa namba zilizo mbele ya wote.

Majirani wanapogombana

Hapa Indus ilikuwa na sifa kubwa, na iliistahili. India na Pakistani zilipigana 1965, 1971 na 1999, na tume ya kudumu ya makamishna wawili haikuvunjwa. Mabishano juu ya bwawa la India la Baglihar yalimalizwa na mtaalamu asiyeegemea upande mwaka 2007. Yale ya mradi wake mwingine wa umeme, Kishanganga, yakafika kwa wasuluhishi, waliotoa uamuzi 2013. Ngazi hizi ziliandikwa tangu mwanzo: kwanza makamishna, wakishindwa mtaalamu, na kwa mambo ya kisheria baraza la usuluhishi. Ziliokoa mengi.

Kisha Aprili 2025, baada ya watu kuuawa huko Pahalgam, katika Kashmir upande wa India, India ilitangaza kuusimamisha mkataba, ingawa maandishi yake yanasema utaendelea hadi pande zote mbili ziufute kwa mkataba mwingine. Mafuriko ya Agosti mwaka huohuo yalipokuja, tahadhari ya India kwa Pakistani ilipitia ubalozini badala ya tume iliyoundwa kwa kazi hiyo. Kwa watu walio bondeni, saa chache za kuchelewa zinaweza kuwa tofauti kati ya kuhama na kuzolewa. Mkataba wa kugawana unaziacha nchi mbili zikiwa hazina kitu cha pamoja cha kupoteza, na mwenye mkono juu ya mto anajua hivyo.

Linganisha na Senegali na Moritania. Mwaka 1989 mauaji na mapigano ya mpakani yalizifanya nchi hizo mbili zivunje uhusiano wa kibalozi, ukarudishwa 1992. Shirika la mto halikufa. Bwawa la Diama lilikuwa limekwisha kujengwa karibu na mlango wa mto mwaka 1986, Manantali mwaka 1988, na madeni ya ujenzi yalikuwa ya wote. Nchi iliyotaka kuondoka ingeacha nyuma mali yake na kubaki na deni lake. Naona hiyo ni kinga thabiti kuliko kiapo chochote cha undugu. Hata hivyo ugomvi huo na mivutano mingine ilikuwa na gharama: mitambo ya umeme ya Manantali yenye megawati 200 ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya miaka kumi baada ya ukuta kukamilika. Umeme wenyewe uligawiwa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegali na 15 kwa Moritania. Maamuzi ya juu yanataka wote wakubali, na jambo hilo huchosha.

Kuhusu Mekong sina mengi. Laos ilipeleka mradi wa bwawa la Xayaburi kwenye mashauriano mwaka 2010. Majirani wakaomba uchunguzi zaidi, ujenzi ukaendelea, na bwawa likaanza kuzalisha umeme 2019. Mashauriano yasiyo na ngazi ya usuluhishi humpa mwenye nguvu muda wa kumaliza ujenzi.

Asiyekuwepo mezani

Makubaliano ya Nile ya 1959 yaligawa mto kati ya nchi mbili, ilhali sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Ethiopia na bonde lina nchi kumi na moja leo. Tanganyika, mara tu baada ya uhuru, ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929 yaliyosainiwa na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake. Msimamo huo ukaja kuitwa kwa jina la Nyerere. Mkataba mpya wa bonde zima ulifunguliwa Entebbe mwaka 2010 na ukaanza kutumika Oktoba 2024, baada ya nchi sita kuuridhia, bila Misri wala Sudan. Kifungu kilichowashinda kukubaliana kilihusu usalama wa maji: nchi za juu zilitaka kiseme hakuna atakayeuathiri vibaya usalama wa maji wa mwenzake, Misri na Sudan zikataka kilinde pia matumizi na haki zao za sasa. Wakati huohuo Ethiopia ilijenga bwawa lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74 na kulizindua Septemba 2025, pasipo makubaliano ya kisheria ya namna ya kuliendesha mwaka wa ukame. Pande zote mbili zina hofu ya kweli. Misri haina mto mwingine. Ethiopia ina mamilioni ya watu wasio na umeme. Lakini aliyeachwa nje mwaka 1959 hakuwa na sababu ya kuheshimu tarakimu asizoziandika.

Tatizo hilo halipo Nile peke yake. China, yenye mabwawa makubwa juu ya Mekong, si mwanachama wa tume. Ilianza kutoa takwimu za maji za mwaka mzima mwaka 2020 tu. Namibia na Botswana hazikuwa sehemu ya mkataba wa Lesotho na Afrika Kusini, ingawa maji yanayohamishwa ni ya bonde la Orange linalozigusa nazo, na tume ya nchi zote nne iliundwa mwaka 2000, miaka kumi na minne baadaye. Kwenye Senegal, Gine ilikuwa nje kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa kipimo hiki hakuna njia iliyo safi. Nadhani ni busara mkataba wa wawili uwe na mlango ulioandikwa wa kuwapokea wengine, pamoja na masharti ya kuingia.

Kuna pia watu ambao hata serikali yao haikuwaweka mezani. Mkataba wa Columbia ulihusu umeme na mafuriko tu. Mataifa asilia ya bonde hilo hayakuulizwa, na zaidi ya watu 2,000 walihamishwa upande wa Kanada kupisha maji. Na njia ninayoisifu, ya kumiliki pamoja, imewaumiza wengi. Diama ilizuia maji ya chumvi yasipande mtoni, ikafungua mashamba ya umwagiliaji, lakini maji baridi yaliyotulia yakaleta konokono na kichocho kikaenea haraka katika mji wa Richard-Toll, Senegali, na vijiji jirani. Matete yakafunga njia za mitumbwi. Waliokuwa wakilima kwa kufuata mafuriko yanaposhuka walipoteza mafuriko yenyewe. Umiliki wa nchi tatu haukumkinga mtoto anayeoga mfereji ulio nyuma ya nyumba yao. Mkataba wa aina hii unahitaji bajeti ya afya na mafuriko ya kuachiliwa kwa makusudi kila mwaka, vikiwa vimeandikwa kama madeni ya kwanza ya mradi, kabla ya faida ya umeme.

Uchague upi

Kama kuna kazi ya kujengwa ambayo nchi moja haiwezi kuimudu, na hakuna iliyo na nguvu za kuwaburuza wenzake, elekea kumiliki pamoja. Njia ya Mto Senegal ilifaulu kwa sehemu kwa sababu nchi zote tatu zilikuwa maskini na zilihitaji mkopo uleule. Bonde lenye jirani mmoja tajiri anayeweza kujenga peke yake halitafika huko kirahisi.

Kama majirani wana uadui wa muda mrefu na mto una matawi yanayotenganishika, kugawa mito kama Indus ni afadhali kuliko kugawa kiasi. Pale ambapo matawi hayatenganishiki, gawa kwa asilimia ya kilichopo, au kwa kimo cha bwawa kama Colorado. Tarakimu isiyobadilika ikatae, hata kama leo inakupendelea: atakayeirithi ni mjukuu wako na mvua zake si hizi.

Kulipana kunafaa pale ambapo mmoja ana mlima na mwingine ana viwanda, na mahesabu yanaweza kuonekana na wote. Lesotho na Afrika Kusini zilikubaliana kugawana akiba iliyopatikana kwa kutotumia mradi mbadala wa gharama kubwa, asilimia 56 kwa Lesotho na 44 kwa Afrika Kusini. Kanuni kama hiyo ni rahisi kuitetea bungeni kuliko bei iliyotajwa tu. Weka tarehe ya kuipitia upya isiyozidi miaka kumi na tano au ishirini. Kanuni ya mafuriko ya Columbia ilikaa miaka 60, na ilipofika 2024 bonde lilikuwa limebadilika sana.

Kushauriana chagua kama hatua ya kwanza tu, na usisaini bila muda wa kujibu na msuluhishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya kimataifa, ulioanza kutumika 2014, unatoa miezi sita ya kujibu taarifa ya mradi. Hiyo inaweza kuchukuliwa kama kiwango cha chini hata na nchi ambazo hazijauridhia.

Na ikiwa mazungumzo yamekwama kabisa, anzeni na vipimo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vituo vya kupima kina cha maji pande zote za mpaka, takwimu zinazotumwa kila siku kwa majirani wote kwa wakati mmoja, na namba ya simu ya tahadhari ya mafuriko inayoendelea kupokewa hata mabalozi wakifukuzwa: hayo hayahitaji kukubaliana mto ni wa nani. Yaandikwe katika itifaki yake, mbali na mkataba mkuu, ili atakayeusimamisha mkataba kwa hasira asiweze kuizima na tahadhari.